Tanzia ya Siku ya Ijumaa

1.
TANGAZO
Kwa majonzi makubwa, Serikali ya Kisiwa cha Mkoroshoni inatangaza kifo cha Mheshimiwa Ussi Kombo, Rais wa Baraza, aliyependwa na wengi, kilichotokea ghafla leo Ijumaa mara baada ya mkutano wa

2.
Bi Raya Makame, mpiga chapa wa Baraza kwa miaka kumi na tisa, aliondoa vidole kwenye mashine.

Jumatano.

Leo ilikuwa Jumatano. Na marehemu alikuwa uani, anagombana na mpishi juu ya chumvi.

3.
"Bwana Katibu, hapa pana kosa."

Katibu Shaali alibadilika rangi. "Kosa gani?"

"Tarehe."

"Tarehe iko sawa."

"Basi kosa ni hili neno 'ghafla'."

Katibu aliufunga mlango. "Wewe piga chapa tu, Bi Raya. Una watoto."

4.
MAHITAJI YA OFISI YA KATIBU, WIKI HII
Sanda (ndefu, Mheshimiwa ana kimo)
Mchele wa hitima, magunia sita
Mtu wa kulia redioni: Katibu mwenyewe
Bastola: ipo

5.
Wewe unayesoma, ungefanyaje? Usijibu upesi. Watoto wake ni watatu, na wa mwisho hajaota meno.

6.
Bi Raya alikwenda kwa Rais. Karatasi aliificha ndani ya kanga, akamdanganya mlinzi kuwa anafuata saini.

Rais aliisoma mara mbili. Bi Raya akangoja aite askari, au akimbie.

"'Aliyependwa na wengi'," alisema Rais. "Wengi? Kwa nini si wote?"

"Mheshimiwa, wanataka kukuua!"

"Nimesikia, mwanangu. Nani kaandika 'wengi'?"

"Katibu Shaali."

Mzee aliikunja karatasi polepole.

"Huyo," alisema kwa sauti ndogo, "nimemwoza binti yangu."

7.
TANGAZO
Mkutano wa Ijumaa umeahirishwa. Rais ana mafua.

8.
(Ukumbini, Alhamisi. Sauti mbili za chini.)
— Mafua?
— Mafua.
— Na mbuzi wa hitima tumeshachinja!

9.
Ijumaa asubuhi Rais alimwita Bi Raya na mashine yake.

"Andika. Kwa amri ya Rais wa Baraza, kuanzia leo, Katibu Shaali..."

Mlango ukafunguliwa.

Shaali aliingia bila kubisha, mkono wa kulia mfukoni. "Nimekuja kukujulia hali, baba."

Rais alikohoa.

"Endeleeni," alisema Shaali. "Nimesikia jina langu. Soma, Bi Raya."

Kwa miaka kumi na tisa Bi Raya hakuwahi kuongeza hata nukta moja ya kwake.

"'Kuanzia leo,'" alisoma, "'Katibu Shaali anateuliwa...'"



Mkono ukatoka mfukoni nusu.

"Kuwa nani?" aliuliza Shaali.

Rais naye, macho yamemtoka, akamgeukia mpiga chapa wake kama mtu anayetaka sana kujua.

"'...anateuliwa,'" alisema Bi Raya, "'kuwa