Mgonjwa Mtulivu

Msusi alimwacha mteja kichwa nusu kimesukwa, maana mdogo wake alikuwa ametamka neno alilolisubiri mwaka mzima: "Twende." Kijana huyo, fundi seremala hodari, usiku halali, anabishana na ukuta, na ukimuuliza anasikia nini anafunga mdomo. Leo kakubali kumwambia daktari. Sasa hapo nani angebaki kumalizia nywele?

Kliniki ya afya ya akili ilikuwa mwisho wa korido, nyuma ya chumba cha kufulia. Benchi limejaa, wengine wamekaa sakafuni. Muuguzi mmoja tu, hoi bin taabani, ndiye anayeandikisha, ndiye anayetoa dawa, ndiye anayejibu simu. Mwenzake kahamishiwa wodi ya wazazi, mwingine kaacha kazi, na daktari ni mmoja kwa hospitali tatu.

"Anapiga watu?" muuguzi aliuliza.

"Hapana."

"Kavunja kitu chochote?"

"Bado."

"Dada yangu, leo daktari anaona wale wa hatari tu. Huyu katulia. Mje mwezi ujao."

"Kwa hiyo nisubiri avunje?"

"Sikusema hivyo," muuguzi alijibu, na ndivyo hasa alivyokuwa amesema.

Jamani! Mdogo wake kakaa pale, mikono mapajani, shati kalipiga pasi mwenyewe, na adabu hiyo hiyo ndiyo inayomponza. Msusi hakujua alikishikaje kiti. Alisikia tu kimegonga ukuta, na sauti yake mwenyewe ikifoka kwamba kama dawa ni vurugu, basi vurugu ndiyo hii.

Lo, mlango wa daktari ulifunguka fasta! Walinzi wakamdaka mikono, muuguzi akaja mbio na sindano.

"Si mimi! Mgonjwa ni yule!"

"Wote husema hivyo, mama," mlinzi alimwambia kwa upole kabisa.

Hapo mdogo wake akasimama. "Mwacheni dada. Ni mimi. Mimi ndiye ninayesikia watu ukutani. Wananiambia sifai kuishi."

Mwaka mzima! Na kayasema mbele ya umati, kwa sauti inayosikika.

"Kaa kwanza, kaka," muuguzi alisema bila hata kugeuka, anampandisha msusi mkono wa gauni. "Tumalize na huyu, halafu tutakusikiliza."

Msusi alipozinduka, daktari alishaondoka kwenda hospitali nyingine. Mdogo wake alikuwa kando ya kitanda, kampakatia viatu vyake.

"Ulimwambia daktari?"

"Nilishasema, dada."

"Sema tena. Nakuomba, mdogo wangu, sema tena, mimi nipo."

Mdogo wake akapiga magoti, akamvalisha kiatu kimoja, kisha cha pili, akavifunga vizuri. Neno jingine hakutoa.