Seli za Ognyan

Ndugu yangu Ognyan ni profesa wa ubongo kule Sofia, na uprofesa umemharibu. Amewavalisha watu mia mbili nyaya vichwani, akawaambia wabonyeze kitufe wakati wowote wanapotaka, akagundua eti ubongo huamua kabla mwenyewe hajajua. Kwa hiyo, anasema, hakuna anayechagua lolote, sote tunaendeshwa. Nilimuuliza kama hata ile suti yake ya bei mbaya ilijivalisha yenyewe. Akanicheka kwa upole, kama anavyowacheka wanafunzi wake.

Baba alipokufa hakuja kuzika. Mama alichelewesha mazishi siku mbili kwa ajili yake, naye alikuwa Vienna, anahutubia.

Kwetu, Jumapili ya Msamaha, kabla mfungo wa Kwaresima haujaanza, mdogo humwendea mkubwa, akambusu mkono na kusema, "Nisamehe." Mkubwa hujibu, "Mungu akusamehe," watu wakala halva, halua yetu ya sikukuu hiyo, yakaisha. Miaka mitatu mama alimngoja Ognyan. Mwaka huu moyo wake umechoka, daktari hafichi, na hatimaye bwana profesa akaja.

Akaketi, akala vipande vitatu vya banitsa, ule mkate wa matabaka wenye jibini. Mama akamnyooshea mkono.

"Mama," akasema, "nikikuomba msamaha nitakuwa nakudanganya. Uamuzi wa kutokuja haukuwa wangu. Ni seli tu za ubongo. Hakuna wa kulaumiwa."

"Basi tungezialika hizo seli," nikamwambia, "labda zina adabu kukushinda."

"Dada, wewe sayansi huielewi."

"Nyamaza, Velichka," mama akasema. Mkono wake ulikuwa bado uko pale pale. "Ognyan, mwaka wa kwanza nilikuchukia. Sikutaka hata jina lako litajwe humu ndani. Halafu nikaanza kujilazimisha nikusamehe, kila asubuhi. Siku nyingine nilishindwa, kesho yake nikaanza upya. Niliweza Pasaka ya mwaka jana. Kazi hiyo nimeifanya mimi, mwanangu. Usije ukaketi mezani kwangu ukaniambia imefanywa na seli."

Ognyan akafuta midomo. Niliona macho yake yamelowa, na kusema kweli, kwa kitambo kidogo nilimpenda tena.

"Kitaalamu, mama..." akaanza.

Mama akaurudisha mkono, akauweka mapajani.

"Mfungie halva ya njiani," akaniambia. "Halafu mpe koti lake."