Matofali ya Bwana Mkubwa

Wauguzi walimwita Bwana Mkubwa kwa sababu wodi nzima ya watoto njiti haikuwa na mdogo kumshinda. Nepi ndogo kuliko zote ilimfika kwapani. Tumbo lake lilikuwa bado changa, haliwezi kazi ya kusaga chakula, kwa hiyo alilishwa kwa mshipa: mfuko wa maji yenye sukari na protini, na kando yake bomba la mafuta, jeupe pe.

Hilo jeupe ndilo lililozua mambo.

"Maziwa kwenye damu?" mama mkwe aliuliza siku ya kwanza aliporuhusiwa kuingia. "Mwanangu wa pili alipaliwa na maziwa akanifia mikononi. Na hayo yalikosea njia kooni tu. Mkamwana, kataa."

Mama wa mtoto alikuwa fundi cherehani, mwepesi wa kujibu, lakini kidonda cha upasuaji kilikuwa kikimvuta kila alipokaa. Hakubishana. Alimwomba daktari asimamishe. Daktari alieleza, akaeleza tena, mwishowe akakubali kusubiri kidogo. Akaongeza sukari na protini kufidia. Sukari ikapanda kwenye damu, ikabidi ipunguzwe. Yakabaki maji ya protini na sukari kidogo, na mtoto akaanza kupungua. Ngozi ya mapaja ikamkaa kama shati la kuazima. Mama yake, aliyezoea kukadiria kiuno cha mtu kwa jicho, hakuhitaji mzani kumwambia.

Asubuhi moja mtaalamu wa lishe alivuta kiti akakaa na mama na mama mkwe.

"Protini si mnampa?" mama wa mtoto alimuuliza. "Nasikia ndiyo inayojenga mwili."

"Inajenga, ndugu yangu. Umewahi kujenga nyumba?"

"Mimi? Muulize mama."

"Vyumba vitatu," mama mkwe akasema, akajiweka sawa kitini.

"Mafundi ulikuwa unawalisha?"

"Mwanzoni. Halafu nikaona wanakula kama mchwa, nikawaambia waje wameshiba kwao."

"Ikawaje?"

Mama mkwe alinyoosha mkunjo wa kanga yake, akaurudia. "Matofali yakawa yanapungua. Nikigeuza kisogo wanauza, wananunua chakula."

Mkamwana aliuma mdomo asicheke; kidonda kingemwadhibu.

"Na mwili wake unafanya hivyohivyo," mtaalamu akasema. "Protini ni matofali. Chakula cha mafundi ni sukari na mafuta. Sukari, damu yake haitaki zaidi ya hii. Mafuta tumeyafunga. Sasa mwili una njaa, unachoma matofali upate nguvu ya kupumua. Tukimwongezea protini peke yake, atachoma hiyo pia."

"Na hayo meupe si maziwa?"

"Si maziwa, mama. Ni mafuta yaliyolainishwa mpaka yanapita kwenye mshipa bila kukwama. Tunaanza na kidogo, huku tunampima damu."

"Mimi bado naogopa," mama mkwe akasema.

"Hata mimi naogopa, mama," mkamwana akajibu. "Lakini anayekwisha ni yeye." Akamgeukia muuguzi. "Dada, yarudisheni."

"Mume wako hujamuuliza," mama mkwe akasema.

"Nitamwambia jioni. Mtoto hawezi kungoja jioni."

Muuguzi alinawa mikono, akaunganisha bomba, akawasha pampu. Meupe yakaanza kutambaa ndani ya mpira mwembamba, taratibu kama kinyonga. Yalipokaribia mkono wa mtoto, mama mkwe alimshika mkamwana bega, akalibana. Walitazama kifua kile kidogo kikipanda na kushuka. Kikapanda tena.

Mzani haukuwapa zawadi ya haraka. Mara ya kwanza ulionyesha uzito uleule wa jana. Mara ya pili vilevile, na mama mkwe akaguna. Mara ya tatu muuguzi alisoma, akamtoa mtoto, akampima upya ili asiwadanganye watu.

"Ameongeza."

"Kiasi gani?" mama wa mtoto aliuliza.

"Kama punje chache za maharage."

Fundi cherehani aliingiza mkono kwenye tundu la kisanduku cha kioo, akalaza kidole juu ya paja la mwanawe. Nyuma yake alimsikia mama mkwe akimfuata muuguzi, amepunguza sauti mno:

"Mwanangu, hilo bomba jeupe, naona limebaki robo. Mnabadilisha saa ngapi? Lisije likaisha, mtoto akakaa bure."