Barua ya Tatu kwa Muuza Dinamo

Dinamo ya upepo ya kijiji chetu cha ujamaa, hapa Sepuka, inazunguka mchana kutwa, lakini betri ya redio haipati moto. Mimi, fundi Mughwai, nimeifungua mara nne: waya ni nzima, sumaku ndiyo imepasuka. Nimemwandikia muuzaji wa Dar es Salaam barua mbili. Leo amejibu: "Ndugu, mashine haina kosa. Kijiji chenu hakina upepo."

Hakina upepo! Singida hii inayong'oa mabati ya shule! Nikatoka nje kumsomea mwenyekiti upuuzi huo. Karatasi ikanichomoka mkononi, ikapaa, ikapotelea mbali.

Nikarudi ndani, nikaandika: "Ndugu, nitumie nakala nyingine ya jibu lako. Ile ya kwanza imechukuliwa na upepo."