Ndoo ya Fenigi za Wiebke

Kwetu Leer, Ujerumani, bibi harusi hununua viatu vyake kwa fenigi, sarafu zetu ndogo kabisa, alizoweka tangu utotoni. Anazimwaga zote dukani, watu waone mke huyu hachezei pesa. Dada yangu Wiebke alikuwa na ndoo nzima, na harusi ilikuwa Jumamosi.

Jumatatu natoka gereji, namkuta mchumba wake, Gerold, kapiga magoti jikoni kwetu na ile ndoo, sumaku mkononi. Eti anazipanga, kumrahisishia kazi mwenye duka. Mimi shule niliacha mapema lakini macho sikuyaacha huko. Alikuwa anachambua za fenigi mbili tu, tena za mwaka sitini na saba.

Kesho yake nikaenda kwa mzee Focko, anayeuza sarafu kuukuu sokoni. Akanieleza kwamba fenigi mbili za zamani zilikuwa shaba mpaka ndani, sumaku haizishiki. Baadaye wakaanza kutia chuma katikati, shaba ikabaki ngozi tu. Za sitini na saba karibu zote ni shaba, ila zipo chache mno za chuma, zina herufi G, na watu wanazililia kwa bei kubwa.

"Ukiipata," akasema, "usimwambie hata mama yako."

Jumatano Gerold alikuja kunywa chai. Nikapekua koti lake pale mlangoni, sioni aibu kusema. Ile ya G ilikuwamo, imeviringishwa kwenye karatasi ya sigara. Nikaiweka mezani mbele ya dada.

"Shemeji, hii ilipotea njia ikaingia mfukoni kwako?"

Uso ukamwiva. "Nilitaka kumpa kama zawadi baada ya harusi. Wewe Hauke unanusa wizi hata kanisani."

"Nanusa panaponuka."

Labda alisema kweli. Nani angejua? Wiebke alimaliza chai yake taratibu, akaitupa ile sarafu ndooni, akakoroga kwa mkono mpaka ikazama. Akasema kesho twende dukani wote watatu, na viatu vitalipiwa na ndoo kama ilivyo.

Dukani mwenye duka, mama Harms, alimwaga fenigi mezani akaanza kuzisukuma moja moja kwa kidole. Wiebke akavaa viatu vyeupe, akatembea hadi mlangoni, akarudi. Vilimkaa, hata mimi nisiyejua mambo ya viatu niliona.

"Gerold, nivichukue?"

Jamaa kainama juu ya meza, macho yanafuata kidole cha mama Harms.

"Gerold. Nivichukue?"

"Ngoja kwanza," akasema, bila kugeuka.

Dada akakaa kwenye kiti. Akavivua, akavilaza ndani ya boksi, akafunika. Akavaa raba zake za kazini, akafunga kamba zote mbili bila haraka.

"Hauke, zirudishe ndooni," akaniambia. "Na huyu asikusaidie."