Chumvi Kwenye Pipa

Enzi za ruksa zilipoingia na biashara zikafunguliwa, Swalihu aliacha kuuza vitunguu akawa mtu wa mitumba. Robota moja lilimletea miwani ya kuzamia na mrija wake wa kupumulia, na kwa kuwa shemeji yake aliyehamia kisiwa cha Mafia alikuwa amemwalika akaone samaki wa matumbawe, aliona neema imemfuata mlangoni.

Kuogelea alijua tangu utotoni, bwawani. Kilichomshinda ni kupumua uso ukiwa majini. Basi kila jioni, nyumbani Mkonze, bara kwenye shida ya maji, alinawa, akavaa miwani, akatumbukiza uso kwenye pipa la maji, mkewe Arafa akimtazama.

Arafa aliliona kosa mapema. Maji yakiingia kwenye mrija, Swalihu aliyameza.

"Yapulize yatoke, Baba Salwa."

"Yamwagike chini? Maji haya?"

Hakuwa mbishi. Alilelewa kwenye nyumba ambayo mtoto akitema maji alichapwa, na koo lake halikuwa limesahau.

"Ya bahari nayo utayameza hivyo hivyo," alisema Arafa, "na kaka yangu atanirudishia maiti."

Swalihu akawa anafuta miwani. Arafa aliingia jikoni, akatoka na mfuko wa chumvi, akaumimina wote ndani ya pipa alilolijaza mwenyewe tangu alfajiri, ndoo baada ya ndoo, kichwani.

Swalihu alitumbukiza uso tena. Safari hii maji yalipoingia kwenye mrija, aliyapuliza yakaruka hadi ukutani.

"Sasa nenda Mafia," alisema Arafa, akaokota ndoo tupu akaelekea bombani.