Mhispania wa Tantine Goretti

Mimi ndiye niliyekuwa Mhispania. Nimemaliza shule juzi juzi, napakia maboksi kwenye stoo moja huku Landover, Marekani, nimechoka kuona kuta zilezile. Eshe, dada Mmarekani aliyejifunza Kiswahili chuoni, alikuwa anatafuta mtu wa kuzunguka na mchezo wake wa kuigiza mpaka Florida. Akaja kutujaribu kanisani kwetu, mbele ya watu wote. Hiyo safari niliitaka kufa kupona.

Mchezo wenyewe ni hivi: Mhispania ametua pwani zamani zile, amepotea msituni, farasi wake amekufa, ana njaa. Anafika kijijini, wanamfukuza. Anachomeka bendera, anasema nchi ni ya mfalme wake, anaanguka, anakufa. Rahisi.

Tatizo, mama wa kijiji alikuwa tantine Goretti, mdogo wake mama. Nikaja najikokota na kofia yangu ya vita ya karatasi ya foili ya jikoni. Alitakiwa anifukuze na mwiko. Akaniangalia tu.

Hardy, aliyekuwa chifu, akamnong'oneza, "Tantine, sema 'nenda zako!'"

"Nenda zako ya nini? Mugeni amefika na njala, namufukuza? Apana!"

Akaingia jikoni mwa kanisa, chakula cha baada ya ibada kilikuwa tayari. Akarudi na jagi, beseni, na sahani ya fufu na sombe, yaani ugali na kisamvu.

"Nawa mikono, Yohan."

Watu wakapiga makofi. Sasa utakatalia wazee chakula? Nikanawa. Nikala. Eshe amesimama pembeni, amekunja mikono. Nikaona Florida inaniponyoka.

Basi nikasimama, mdomo bado umejaa, nikachomeka bendera pale pale karibu na sahani.

"Kuanzia leo, nchi hii ni ya mfalme wangu!"

Tantine akainama, akachukua sahani yake.

"Sawa. Huyo mfalme wako akupikie."

Hapo wakacheka wote, isipokuwa yeye. Mimi nikasahau hata kufa.

Eshe akanivuta kando. "Chakula kinabaki kwenye mchezo. Tunaondoka Jumatatu. Utaweza?"

"Nitaweza."

Nikamkuta tantine jikoni anaosha vyombo. Nikamwambia nimechaguliwa.

"Hongera," akasema, hakugeuka.

Nikachukua kitambaa nianze kukausha sahani. Akakitoa mkononi mwangu, polepole.

"Acha. Mugeni haoshake vyombo."